Mama Aliyepigwa Gazetini

Eunike alijiona gazetini siku ya zamu yake ya maji. Alikuwa ameinama kwenye mfereji, anazibua tope ili maji yaingie kwenye nyanya, wakati binti yake Diana alipotokea barabarani na sare ya shule bado mwilini. Alisimama ukingoni mwa shamba, ameshika gazeti la *Mrindimo* kwa mikono miwili kama aliyebeba bakuli la uji wa moto.

"Mama, ni wewe."

Eunike alifuta mikono kwenye khanga akalipokea. Herufi nyekundu zilikula nusu ya ukurasa: WAMTANDIKA MAMA WETU! Chini yake ilikuwa picha. Mwanamke amekaa chini vumbini, mdomo wazi, kilemba kimemtoka, nyanya zimetapakaa pande zote. Mwanaume mrefu wa Kimaasai amemkamata mkono. Maelezo yalisema Wakenya wamefanya unyama mpakani Namanga, wamempiga mfanyabiashara Mtanzania wa Meru na kukanyaga mali yake, na yakauliza serikali iko wapi.

"Mbona wewe ulituambia ulianguka tu ukaumia goti?" Diana aliuliza.

"Nilianguka."

"Gazeti linasema ulipigwa."

"Goti ni la nani, Diana, ni la gazeti au langu?"

Macho ya binti yalibaki kwenye picha.

Zamani kijiji chao cha Kikwe kilisoma gazeti moja, lililofika limechelewa na kuishia kufungia sukari. Tangu serikali iruhusu biashara huria, pale mjini Usa River magazeti yalitandikwa chini kama mitumba, kila moja likipiga kelele kuliko jirani yake. Mwezi ule kelele zilikuwa za Kenya. Wakubwa wa nchi mbili walikuwa wanagombania magari ya watalii, yapi yavuke Namanga na yapi yaishie getini. Huku likatoka neno, kule likajibiwa, na asubuhi moja ya soko geti likafungwa bila mtu kutangaziwa. Watu waliokuwa katikati walirudi nyuma wote kwa pamoja. Tenga la Eunike likapinduka, naye akaenda chini pamoja nalo, goti likajipinda. Aliyemvuta mkono asikanyagwe ni Koikai, Mkenya anayesukuma mkokoteni pale mpakani, aliyembebea nyanya tangu alipoanza biashara hiyo. Aliyempiga picha hakumuuliza hata jina.

* * *

Kabla jua halijazama wageni walishaanza kuingia. Mmoja alileta sukari, mwingine mayai. Waliketi, wakainamisha vichwa, wakasema pole kwa sauti ya msibani.

"Sikupigwa," Eunike aliwaambia. "Niliteleza watu waliposukumana."

Walitazamana. "Mama Diana," jirani mmoja alisema kwa upole, "usione aibu. Aibu ni yao." Akamshika bega, akaufunua kidogo upande wa khanga, akitafuta alama. Eunike aliitoa ile mikono pole pole, kama mtu anavyoondoa kunguni kwa mgeni bila kumtahayarisha.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango alicheka peke yake. "Sisi tumepigwa na waume zetu miaka yote," alisema, "na hakuna aliyekuja na kamera."

Aliyefurahia wageni ni Aminieli, mume wake. Tangu kiwanda cha nguo kifungwe naye apunguzwe kazini, alikuwa mtu wa migomba yake michache na benchi la wazee wa kanisa, na mboga ya nyumba ilitoka kwenye nyanya za mke. Sasa wanaume waliompita barabarani bila kusimama walikuwa wanasimama. Pale Usa River alinunuliwa chai akaulizwa maoni yake juu ya Kenya, na aligundua kwamba anayo. Siku ya kwanza alisema mke wake alisukumwa. Siku ya pili alisema alipigwa. Hakuhisi kama anadanganya. Gazeti lilikuwa limekwisha kusema, yeye alikuwa anaitikia tu.

Jumapili Eunike alibaki nyumbani kwa sababu ya goti. Mchana akaona mume wake anarudi na kundi la watu na mbuzi wa maziwa, jike jeupe la kisasa lenye masikio yaliyosimama. Baada ya ibada usharika ulikuwa umefanya mnada kwa ajili yake. Watu walitoa ndizi, kuku na mahindi, vikauzwa, na kilichopatikana kikanunua mbuzi.

"Nimesimama mbele nikawashukuru," Aminieli alisema, "kwa niaba yako."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia unaendelea vizuri."

Eunike alimtazama yule mbuzi. Alikuwa mbuzi mzuri sana. Kwa muda mrefu alikuwa akimtamani wa aina hiyo, na hilo ndilo lililomchoma.

* * *

Kesho yake alikuja Elirehema, diwani, amevaa suti ya kaunda. Alikataa kiti cha nje, akaomba waingie ndani. Kulikuwa na mkutano wa hadhara Usa River mwisho wa wiki, na mkubwa mmoja kutoka makao makuu angekuja kuhutubia juu ya heshima ya nchi.

"Tunataka ukae mbele, mama. Huna haja ya kusema kitu. Uonekane tu." Aliangalia goti. "Na hilo ungelifunga bandeji. Nyeupe, ionekane kwa mbali."

"Shemeji, mimi sikupigwa."

Elirehema alitabasamu kama mtu mzima anayesikia mtoto anakataa kuoga. "Hakuna atakayekuuliza ulipigwa au hukupigwa. Kila mtu amekwisha kuiona picha." Kisha akashusha sauti. "Soko la Usa River linaongezwa vibanda. Kimoja nimekitenga kwa jina lako. Utauzia hapo hapo, na mambo ya kwenda kuhangaika Namanga yaishe."

Diwani aliondoka. Kibanda Usa River. Kivuli, meza yake, mlango wenye kufuli. Eunike alijua vizuri anachopewa na alijua hakuna njia nyingine ya kukipata, maana vibanda vile vilikwenda kwa waliojulikana. Alijisemea kwamba kukaa kwenye kiti si kusema uongo. Aliyeandika ameandika, na mkutano ungefanyika awepo asiwepo. Siku nzima aliyageuza maneno hayo, na ilipofika jioni alikuwa amemwambia Diana amfulie kitenge chake kizuri.

* * *

Kitenge kilikuwa bado kwenye kamba alipofika Evaresta, mwenzake wa biashara anayeuza vitunguu Namanga. Alikuwa amechoka, na vumbi la barabara lilikuwa kwenye nyusi. Hakungoja maji ya kunywa.

"Wamempiga Koikai."

Lile gazeti lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa mgahawa upande wa Tanzania. Geti lilipofunguliwa tena kwa waendao kwa miguu, Koikai alivuka kwenda kunywa chai kama kawaida yake, vijana wakamwangalia, wakaiangalia picha. Walimvunja meno. Mkokoteni wake wakauchoma moto katikati ya barabara huku watu wanaimba. Polisi walimwokoa kwa kumweka ndani, na tangu hapo hawajamtoa.

"Wanamshtaki nini?" Eunike aliuliza.

"Kwamba alikupiga wewe." Evaresta alikaa chini. "Hajitetei. Anasema kitu kimoja tu. Anasema, muiteni mama Diana."

Aminieli alikuwa amesimama mlangoni amesikia yote. Evaresta alipotoka kwenda kunawa uso, alisema, "Polisi watamwachia wenyewe. Mambo ya mpaka hupoa."

"Nakwenda kesho."

"Mama Diana, sikiliza. Nimesimama kanisani. Nimeongea na diwani. Ukienda ukasema tofauti, mimi nitaonekana nani?"

"Utaonekana mume wa mwanamke ambaye hakupigwa," Eunike alisema. "Kwani ni jina baya?"

"Na kibanda?"

Eunike alitoka uani. Alikwenda kwenye kamba akaanua kitenge, akaja nacho kimekunjwa. "Nimekitamani, baba Diana, sitaki kukudanganya. Lakini nitakaa kwenye kile kibanda kila siku nikimwona Koikai hana meno. Nyanya nitakazouza hapo zitakuwa na utamu gani?"

Aminieli alichukua panga. Alitoka akaenda kumkatia mbuzi majani.

* * *

Kituoni Namanga askari wa mapokezi alimfahamu kabla hajasema jina. Alisimama, akamletea kiti, akaita wenzake waje wamwone. Mkuu wa kituo naye alitoka ofisini kwake na kumpa mkono.

"Pole sana, mama yetu. Mtu wako tunaye."

"Ndiye niliyemfuata. Nimekuja mumwachie."

Mkuu wa kituo alikaa. Alitoa jalada kwenye droo, akalifungua. Ndani mlikuwa na ukurasa wa kwanza wa *Mrindimo*, umekatwa vizuri kwa mkasi, na hakikuwamo kitu kingine.

"Umetishwa?" aliuliza taratibu. "Kama kuna mtu amekuja kwako kutoka upande ule, sema. Hapa uko salama."

"Hakuna aliyenitisha. Nilianguka, akaninyanyua."

"Lakini picha hii hapa, mama. Inaonekana amekukamata."

"Huyo kwenye picha ni mimi," Eunike alisema. "Nimetoka Kikwe, nimekaa mbele yako, nakuambia. Nani anajua zaidi, mimi au karatasi?"

Askari waliokuwa mlangoni waliacha kunong'ona. Mkuu wa kituo aligeuza ule ukurasa, akaangalia nyuma yake, ambako kulikuwa na tangazo la sabuni.

"Tatizo ni kwamba suala hili limefika juu," alisema.

"Nani amelalamika, afande?"

"Vipi?"

"Aliyekuja hapa akasema Koikai amenipiga. Nataka kumjua."

Hapakuwa na mtu. Mkuu wa kituo alijua hapakuwa na mtu, na sasa askari wake wote walijua. Aliomba muda akapige simu. Eunike alikaa kwenye kile kiti chao cha heshima mpaka wakakihitaji, akakaa kwenye benchi, na benchi nalo lilipojaa akasimama. Hakuna aliyemletea hata maji. Mara mbili walimwambia arudi kesho, na mara mbili akasema ana nafasi ya kungoja. Alasiri mkuu wa kituo alitoka na uso uliokunjamana, akamwambia aweke dole gumba kwenye karatasi ya dhamana.

"Najua kuandika," Eunike alisema, akaomba kalamu.

Koikai alitolewa ameinama, shuka lake limeganda damu, jicho moja limefumba. Alipomwona alijinyoosha. Watu wote wa Kikwe na Usa River walikuwa wamempa Eunike pole ya kichwa, ya mgongo, ya mbavu. Huyu ndiye pekee aliyeangalia chini, kwenye mguu.

"Goti linaendeleaje?"

"Linakunjika. Pole sana, Koikai."

"Pole na wewe kwa gazeti," alisema. "Mimi ni meno tu."

Walitembea pamoja mpaka getini, polepole, katikati ya barabara, na wale vijana wa mgahawani walikuwa wamekaa wanaangalia. Eunike alimshika Koikai mkono, kama yeye alivyomshika siku ile, na hakuuachia mpaka walipofika kwenye kamba iliyofungwa mpakani, mahali pa kuvukia.

* * *

Mwandishi aliyepiga ile picha aliitwa Philemoni, na Eunike alimfuata. Ofisi ya *Mrindimo* mjini Arusha ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na ndani yake hakuwamo mtu mwingine. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kola iliyochakaa. Alipomtambua Eunike alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Mama, shikamoo. Mimi sikuandika vile. Nilituma picha na mstari mmoja, kwamba wananchi wanahangaika Namanga baada ya geti kufungwa. Hayo mengine wanayapika Dar."

"Marahaba. Na wewe ulipoyaona yamepikwa, ulifanya nini?"

Philemoni aliokota kiti. "Nalipwa kwa picha iliyotoka, mama. Isipotoka, sili."

"Na Koikai sasa hana cha kutafunia," Eunike alisema. "Andika. Niko hapa, andika ninavyosema."

Aliandika. Tumwamini kwa hilo, kwamba aliandika kila neno, akamsomea, na akapiga simu Dar es Salaam mbele yake akaisoma yote kwa sauti ya juu. Eunike alirudi Kikwe na moyo mweupe. Kwenye mkutano wa diwani hakwenda. Kwenye kiti chake cha mbele alikalishwa mwanamke mwingine, amefungwa bandeji.

Gazeti lilipotoka, kichwa chake kilikuwa: MAMA WA NAMANGA KAHONGWA NA WAKENYA? Picha ilikuwa ile ile.

Wiki hiyo hakuna aliyeingia nyumbani kwa Aminieli na sukari. Kisimani wanawake walimpisha Eunike haraka mno. Diana alirudi kutoka shule akiwa kimya, na alipobanwa akasema wenzake wanamwita "Mkenya". Aminieli alikwenda Usa River mara moja, akarudi mapema. Alikaa muda mrefu uani, akimwangalia mbuzi.

"Huyu hatuwezi kukaa naye," alisema mwishowe.

Eunike alikuwa anachambua nyanya. Alikuwa amejiandaa kumwambia maneno hayo hayo siku nyingi, na hakutegemea yatoke upande ule. "Nilitaka nimrudishe mimi mwenyewe," alisema.

"Nilimpokea mimi. Nitamwongoza mimi." Alisita. "Wewe zungumza. Mimi kuzungumza kwangu kumeshatuponza."

* * *

Jumapili walipita barabara kuu ya kijiji, Aminieli mbele na kamba mkononi, Eunike nyuma yake katika kitenge kile kizuri, Diana pembeni. Mbuzi alifungwa kwenye mti nje ya kanisa. Wakati wa matangazo Eunike alisimama, akaenda mbele bila kuitwa. Mchungaji alimpisha.

"Bwana asifiwe. Mlinichangia kwa sababu mlisikia nimepigwa," alisema. "Sikupigwa. Niliwaambia mlipokuja kwangu, na leo nasema hapa. Mtu aliyenisaidia ndiye aliyepigwa, kwa jina langu. Kwa hiyo mbuzi huyu si wangu. Nawashukuru kwa moyo wenu, maana moyo wenu haukuwa wa uongo. Yuko nje. Auzwe mnadani, na fedha iende kwa wenye shida."

Kutoka viti vya nyuma sauti ya mwanaume ilisema, "Wakenya wamelipa zaidi ya mbuzi."

Watu waligeuka. Eunike alingoja kimya kirudi.

"Aliyesema asimame, tuongee tunaonana," alisema.

Hakuna aliyesimama. Alingoja tena, muda wa kutosha mtu kuinuka kama angetaka, ndipo akarudi mahali pake akaketi.

Nje, baada ya ibada, mwinjilisti aliuza mayai, akauza ndizi, akaacha mbuzi awe wa mwisho. Alitaja bei ya kuanzia, ndogo ya kutia aibu. Watu waliangalia viatu. Hakuna aliyetaka kuonekana akimtaka mbuzi yule. Mwinjilisti alirudia, akaipunguza bei.

Eunike alifungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Ulikuwa mtaji wake wa wiki inayokuja. "Ninyi mlimnunua kwa bei gani?" aliuliza.

Mwinjilisti alimtajia.

"Basi natoa hiyo."

"Mama Diana, ukisubiri kidogo utampata kwa nusu."

"Mbuzi huyu ana bei yake. Natoa hiyo."

Manung'uniko yalipita. Mwinjilisti aliinua mkono ahesabu mara ya kwanza.

"Naongeza," alisema Aminieli.

Watu walimtazama. Alikuwa amesimama upande wa wazee wa kanisa, koti limefungwa vifungo vyote, na alitaja kiasi kilichozidi cha mkewe.

"Baba Diana," mwinjilisti alisema, "unashindana na mke wako?"

"Si pesa ya nyumba ile ile?" mwanamke mmoja aliuliza, na wachache wakacheka.

"Ya nyanya ni yake," Aminieli alisema. "Yangu ni ya ndizi. Kila mkungu nitakaoukata mpaka deni hili liishe utaletwa hapa kanisani, na wote mtauona." Aligeuka akamtazama Eunike, kama mtu anayesema neno alilolibeba kwa uzito. "Mwanzo mlimpa mbuzi huyu kumpa pole. Hakuwa na cha kupewa pole. Mimi namnunulia kwa sababu ni mke wangu, na kwa sababu alikwenda Namanga."

Hakuna aliyecheka tena. Yule bibi aliyewahi kukaa karibu na mlango wao alianza kupiga makofi polepole, na mwingine akamfuata. Mwinjilisti aliuliza kama kuna wa kuongeza. Aliuliza mara ya pili, akimtazama Eunike, kwa kuwa kila mtu aliona fedha bado iko wazi kiganjani mwake.

Eunike aliikunja ndani ya pindo la khanga, akalifunga fundo.